Vyuo vya Pwani na Njia ya Maghribi

Katika Kiswahili cha kale cha Lamu na Pate, chuo hakikuwa jengo, kilikuwa kitabu. Utenzi mkubwa wa Pate wa mwaka 1728, unaosimulia vita vya Tabuki, hujulikana kwa jina la Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herakli, mfalme wa Rumi. Mtoto aliyepelekwa chuoni alipelekwa penye kitabu, na mwanachuoni alikuwa mtu wa kitabu kabla neno chuo halijahamia kwenye majengo, mitihani na vyeti. Maana hiyo ya kwanza ndiyo ufunguo wa historia ya maktaba katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi maktaba ilikuwa mahali popote palipokuwa na kitabu, mwalimu wa kukifungua na mwanafunzi wa kumsikiliza.

Vitabu hivyo kwa wingi wake vilikuwa vya Kiarabu, na havikutoka Hijazi, Hadhramaut na Oman peke yake. Fungu kubwa lilikuwa kazi za watu wa Misri na wa Maghribi, yaani Tunisia, Aljeria na Moroko. Kwa sababu hiyo, rafu za Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija ni hazina ya kuisomea pwani, na ni hazina vilevile ya kuzisomea jamii za Kiarabu na za Afrika Kaskazini.

Kidaka, kasha na wakfu

Maandishi ya Kiarabu yana umri mkubwa pwani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una andishi la khati ya Kikufi lenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Jiwe limedumu, lakini karatasi haina uvumilivu wa jiwe. Hewa ya chumvi, unyevu wa masika, mchwa na nondo vilikula vitabu kizazi baada ya kizazi, na kwa hiyo miswada mingi iliyosalia ni ya karne ya 18, ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Matini zenyewe mara nyingi ni kongwe zaidi kuliko karatasi zilizozibeba, kwa kuwa kitabu kilidumu kwa kunakiliwa. Kilipochakaa, mwanafunzi au mnukuzi alikiandika upya, na nakala ya zamani ikaachwa ife.

Vitabu vilikaa nyumbani na msikitini. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja, msahafu na vitabu vya darsa viliwekwa kwenye kidaka cha ukutani au ndani ya kasha la mbao, na wakati wa kusoma vikawekwa juu ya marufaa ili visiguse sakafu. Mwanachuoni alipofariki, vitabu vyake vilirithiwa kama mali nyingine, na urithi huo mara nyingi ndio ulioviponza: juzuu moja ikaenda kwa mtoto huyu, ya pili kwa yule, na kitabu kizima kikatawanyika mitaa miwili au bandari mbili.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa wakfu. Mwenye kitabu aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba amekitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kiwafae wanaotafuta elimu, kisiuzwe, kisirithiwe wala kisitolewe zawadi. Mara nyingine alitaja msikiti au watu wa kukitunza. Maneno hayo machache yalikifanya kitabu cha mtu mmoja kuwa mali ya umma. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliotokana na kazi ya Habib Saleh (1853–1936), sharifu aliyezaliwa Ngazija, ulikusanya miswada yake kwa njia ya namna hiyo. Humo mna fiqhi ya Kishafi, nahau, tasawufi, mashairi na dua, na baadhi ya kurasa zina majina ya wenye vitabu watatu au wanne waliofuatana.

Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana kwa wanukuzi wake. Misahafu yake ya karne ya 18 na 19 hutambulikana kwa mapambo ya wino mwekundu, mweusi na wa manjano yanayozunguka kurasa za mwanzo. Kazi hiyo ilihitaji mafundi wa kila namna: wa kupiga mistari, wa kuandika, wa kutia rangi na wa kufunga jalada la ngozi.

Ukurasa wa mswada unasema nini

Ukurasa wa kitabu cha darsa wa karne ya 19 husomeka kwa tabaka. Katikati pana matini, iliyoandikwa kwa kalamu ya tete iliyochongwa ncha kwa mshazari. Maneno ya mtunzi wa asili yametiwa wino mwekundu, na sherehe ya mfafanuzi imeendelea kwa mweusi, hivyo msomaji anajua kwa rangi tu nani anasema. Chini ya ukurasa, pembeni, limeandikwa neno moja peke yake. Hilo ndilo neno litakaloanza ukurasa unaofuata, na lilimlinda mfunga jalada asizichanganye karatasi zisizo na namba.

Pambizoni mna mwandiko mwingine, mdogo na wa haraka: maelezo ya mwalimu yaliyonaswa darsani, mara kwa Kiarabu, mara kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baina ya mistari huonekana tafsiri ya neno moja moja. Mwishoni mna tamko la mnukuzi. Anataja jina lake na la baba yake, siku na mwezi wa Hijria, pengine mji, na anamwomba msomaji amsamehe makosa na amwombee dua. Karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha alama ya kiwanda, na mara nyingi ni miezi mitatu iliyopangwa safu, alama ya viwanda vya Italia vilivyouza karatasi katika nchi za Kiislamu. Ukurasa mmoja unaweza basi kuwa na mtunzi wa Fes, mfafanuzi wa Misri, karatasi ya Italia, mnukuzi wa Siyu na mwanafunzi wa Lamu.

Maarifa hayo hayakugawanywa sawasawa. Wengi walijua kusoma msahafu bila kujua kuandika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, anaeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Berlin mwaka 1886, kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Maghribi katika rafu za pwani

Uhusiano wa maandishi kati ya pwani na Afrika Kaskazini ulianza na wasafiri na wanajiografia. Al-Idrisi, ambaye inaaminika alizaliwa Sebta, ng'ambo ya Andalusia, alimaliza mwaka 1154 huko Palermo kitabu chake cha jiografia, na humo aliitaja Malindi na Mombasa. Ibn Battuta wa Tanja, Moroko, alifika mwenyewe. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Habari zake ziliandikwa Fes zaidi ya miaka 20 baadaye, akizisimulia kwa mwandishi wake Ibn Juzayy. Mpaka leo historia ya Kilwa ya karne ya 14 haiandikwi bila kurasa hizo chache za mtu wa Moroko.

Vitabu vya kufundishia ndivyo vilivyoingia ndani zaidi ya maisha ya watu. Mwanafunzi wa Lamu au Unguja aliyetaka kuvuka kutoka kusoma msahafu hadi kuielewa lugha yake alianza na Ajrumia, risala fupi ya nahau ya Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fes aliyefariki mwaka 1323. Risala hiyo ilihifadhiwa kwa moyo, kisha mwalimu akaifasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Katika ibada za nyumbani kilisomwa Dalailul Khairat, kitabu cha kumsalia Mtume cha al-Jazuli wa Moroko, mtu wa karne ya 15. Kutoka Misri zilikuja Burda na Hamziya za al-Busiri, mshairi wa karne ya 13 mwenye asili ya Kiberberi. Sayyid Aidarusi wa Pate aliifasiri Hamziya kwa Kiswahili cha kale, ubeti chini ya ubeti, na tafsiri hiyo ni miongoni mwa kazi kongwe za ushairi wa Kiswahili zilizosalia. Mtafiti wa lugha anaitafuta kwa Kiswahili chake, na mtafiti wa dini anaitafuta kwa namna mahaba ya Mtume yalivyosafiri kutoka Nili hadi Pate.

Tarika nazo zilikuwa njia za vitabu. Tarika ya Shadhiliya ina asili ya Moroko, na tawi lake la Yashrutiya lilianzishwa na Sheikh Ali Nuruddin al-Yashruti, mzaliwa wa Banzart, Tunisia, aliyehamia Akka, Palestina. Tawi hilo lilifika Ngazija katika karne ya 19, likaenezwa na Sheikh Muhammad Maarufu (1853–1905), na kutoka huko likaingia Unguja, Kilwa na Msumbiji. Kila lilipofika liliacha nyiradi, kasida na ijaza, yaani hati zinazotaja silsila ya walimu mmoja baada ya mwingine. Ijaza iliyohifadhiwa Moroni, Ngazija, au Kilwa hupitia Tunisia na Moroko, na kwa mwanahistoria ni ramani ya uhusiano wa watu ambao huenda hawakuonana hata siku moja.

Mtambo wa Barghash na mwanachuoni wa Mzab

Mkutano mkubwa kuliko yote kati ya Unguja na Maghribi ulifanyika kwa njia ya mtambo wa kupiga chapa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala 1870–1888, aliitembelea Ulaya mwaka 1875, na kufikia mwaka 1880 Unguja ilikuwa na kiwanda chake cha chapa za Kiarabu, al-Matbaa al-Sultaniya. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa vitabu vya madhehebu ya Ibadhi. Kiwanda kilianza na Qamus al-Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, kitabu cha sheria chenye mafungu 90, na kikafaulu kuchapa sehemu yake tu.

Waibadhi walikuwa wachache na waliotawanyika: Oman na Unguja upande mmoja, na upande wa pili Bonde la Mzab nchini Aljeria, kisiwa cha Jerba nchini Tunisia na Jabal Nafusa nchini Libya. Mzab ilitwaliwa rasmi na Wafaransa mwaka 1882. Huko aliishi Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyash (aliyefariki 1914), mwanachuoni wa Bani Yazgan aliyeitwa Qutb al-Aimma kwa wingi wa elimu yake. Tafsiri yake ya Kurani, Himyan al-Zad ila Dar al-Maad, haikuchapwa kwanza Aljeria wala Tunis. Ilichapwa Unguja, juzuu baada ya juzuu, kuanzia miaka ya 1880, kwa gharama za masultani. Mswada ulisafiri kutoka ukingo wa Sahara hadi kisiwa cha karafuu, ukarudi ukiwa kitabu.

Jambo hilo linapindua picha iliyozoeleka ya pwani inayopokea tu. Kwa miaka hiyo Unguja ndiyo iliyokuwa mchapaji wa Maghribi. Mtafiti wa historia ya elimu ya Aljeria chini ya Wafaransa hana budi kufika kwenye chapa za Unguja, na mtafiti wa Unguja hana budi kufika kwenye maktaba za familia za Mzab, ambako chapa hizo na barua zilizoandamana nazo zilitunzwa.

Vitabu vya Misri na magazeti

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Misri ilisogea karibu. Chapa ya serikali ya Bulaq ilikuwa imeanzishwa mwaka 1820, na viwanda vya watu binafsi vya Kairo, kama cha al-Babi al-Halabi, vilichapa vitabu vya darsa kwa bei ambayo mnukuzi hakuiweza. Vitabu hivyo viliiga sura ya mswada, kwa matini katikati na sherehe pambizoni, ili msomaji asipotee. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, rafu ya mwanachuoni wa Mombasa au Unguja ilichanganya miswada ya babu na chapa za Kairo.

Wanavyuoni nao walisafiri. Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija na kadhi wa Unguja, alifika Istanbul na Kairo, na baadhi ya kazi zake zilichapwa Misri. Mwenzake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alifungua madrasa mtaa wa Ukutani, Unguja, iliyowalea wanafunzi wa pwani nzima. Orodha ya vitabu vilivyosomeshwa humo ni ushahidi wa elimu iliyokuwa ikipita kati ya Hadhramaut, Hijazi, Misri na Maghribi.

Magazeti yaliharakisha mambo. Al-Manar la Rashid Rida lilianza Kairo mwaka 1898 na lilisomwa Mombasa na Unguja. Mshairi na kadhi Nasir bin Salim al-Rawahi, anayejulikana kama Abu Muslim, alianzisha gazeti la al-Najah Unguja mwaka 1911. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alitoa as-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Unguja, al-Falaq lilianza mwaka 1929. Aidha, jarida la al-Minhaj lililotolewa Kairo kuanzia 1925 na Abu Ishaq Ibrahim Atfayyash, mwanachuoni wa Mzab aliyefukuzwa na Wafaransa, lilikuwa na wasomaji Unguja. Majarida haya ni chanzo kisichokuwa na mbadala kwa anayetaka kujua Waswahili wa wakati huo waliionaje Misri chini ya Waingereza au Aljeria chini ya Wafaransa.

Kukusanywa, kutawanyika, kutunzwa

Karne ya 19 na ya 20 zilihamisha miswada mingi. Historia ya Kilwa kwa Kiarabu ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, nakala ikafika kwa balozi wa Uingereza John Kirk, na sasa imo Maktaba ya Uingereza. Arthur Strong aliichapa mwaka 1895. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji na mnukuzi, aliwaandikia Wazungu nakala nyingi za tenzi, na kazi zake zimegawanyika kati ya London na Ujerumani, ambako Ernst Dammann alipeleka mkusanyo wake wa 1936–1937. Kijuma alinakili kwa malipo, lakini bila mkono wake tenzi kadhaa zisingesalia.

Baada ya uhuru kazi ilifanyika nyumbani. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen na wasaidizi wake walizunguka pwani wakikusanya, kupiga picha na kurekodi, na orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka mwaka 1970. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalikuwa yamezitawanya familia nyingi pamoja na vitabu vyao. Vingine vilipotea, vingine vilipelekwa Oman, na vingine viliingia mikononi mwa serikali. EACROTANAL, kituo cha utafiti wa mapokeo simulizi na lugha za Kiafrika, kilikusanya miswada Unguja na visiwa jirani katika miaka ya 1970 na 1980. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1912–1982) alifanya kazi ya namna nyingine: kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kinatoa majina, walimu na safari zao, na bila hayo majina yaliyo kwenye kurasa za wakfu yangebaki majina tu.

Leo hazina kuu iko Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa mwaka 2003 katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO, na mwaka 2006 Lorenzo Declich wa Italia alichapisha orodha ya miswada hiyo. Humo hukaa pamoja chapa za Barghash, barua za masultani, vitabu vya tiba na falaki, na fiqhi za Kishafi na za Kiibadhi. Moroni, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, CNDRS, kinatunza miswada ya Ngazija na visiwa jirani. Lamu, miswada ya Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, na asili zikabaki msikitini. Uamuzi huo wa kuacha asili mahali pake ulikuwa na busara. Shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023 liliiangusha mifumo ya maktaba hiyo ya London, na picha zilizohifadhiwa humo hazikupatikana kwa muda mrefu. Picha husaidia watu wa mbali. Kitabu chenyewe bado kinataka rafu kavu na mtu wa kukitunza.

Wasomaji wa mbali nao wameongezeka. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Kairo tangu 1962 na Nairobi tangu 1966, na ofisi hizo hununua vitabu na magazeti kwa ajili yake na kwa maktaba za vyuo vikuu vya Marekani. Ya kwanza hushughulikia nchi za Kiarabu, ya pili Afrika Mashariki, na kwa hiyo kitabu cha Kiarabu cha pwani kinaweza kuorodheshwa upande wowote. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Columbus, au mtaa wa Kensington-Bailey mjini Buffalo, anaweza kuomba kitabu kwa njia ya kuazimana kati ya maktaba, lakini inambidi atafute chini ya vichwa vyote viwili, Afrika na Mashariki ya Kati, na kwa tahajia zaidi ya moja: Barghash na Bargash, Atfayyash na Itfish, Ajrumia na al-Ajurrumiyya.

Ugumu huo wa orodha unatokana na historia yenyewe. Waliogawa rafu walichora mpaka ambao vitabu havikuujua. Himyan al-Zad ni kitabu cha Aljeria kwa mtunzi wake, cha Zanzibar kwa mchapaji wake na cha Oman kwa wengi wa wasomaji wake. Mwenye kukifuata hukutana na nchi zote tatu ndani ya jalada moja.